Chemba ya oksijeni yenye presha: nani apelekwe, na afanyiwe nini kabla hajafika? (Lindi na Mtwara)

Tabibu_Kilwa

Wakuu, habari za kazi.

Ninaandika ukurasa mmoja wa kubandika kwenye chumba cha dharura, kituo cha afya cha pwani mkoani Lindi. Unahusu wagonjwa ambao huenda safari yao ikaishia kwenye chemba ya oksijeni yenye presha, yaani chumba kinachofungwa na kupandishwa presha huku mgonjwa akivuta oksijeni. Wanaotufikia ni wa aina tatu. Wapo wazamiaji wa jongoo bahari na kamba kochi wanaotolewa majini miguu ikiwa imekufa ganzi. Wapo wenye vidonda vya mguu wa kisukari, ambao ndugu zao wamesikia kuwa ipo mashine inayoponya bila kukata mguu. Na wapo waliolala na jiko la mkaa ndani, milango imefungwa.

Chemba hatuna, na barabara ni ndefu. Tuna mitungi miwili mikubwa ya oksijeni ya lita 40, mmoja mdogo wa lita 10, konsentreta (mashine inayochuja oksijeni kutoka hewani) ya lita 5 kwa dakika, barakoa zenye mfuko na oksimita ya kidoleni (kipimo cha oksijeni kwenye damu).

Naomba kujua: mzamiaji apewe oksijeni kiasi gani, kwa muda gani, na mitungi hiyo itamfikisha wapi? Kidonda kipi hasa kinastahili chemba? Aliyevuta moshi wa mkaa, oksimita ikisoma 98, tumruhusu aende? Na hizi chemba za mfuko wa plastiki zinazotangazwa mitandaoni, ni kitu kilekile?

DaktariWaPresha

Tabibu, nianze na mzamiaji kwa sababu huyo hasubiri.

Chemba ina kazi mbili, na anayezichanganya hupeleka asiyehitaji na kumwacha anayehitaji. Kazi ya kwanza ni kubana. Mzamiaji aliyekaa chini muda mrefu akivuta hewa ya mtungi au ya kompresa, nitrojeni huyeyuka mwilini mwake. Akipanda haraka inatoka kwa mapovu, kama soda iliyofunguliwa ghafla. Mapovu hayo huziba mishipa midogo, na mahali yanapoumiza zaidi ni uti wa mgongo. Presha ikiwa mara mbili ya ile ya kawaida, povu linabaki nusu ya ujazo wake. Ikifika mara 2.8, linabaki kidogo zaidi ya theluthi.

Kazi ya pili ni kuyeyusha oksijeni kwenye maji ya damu yenyewe. Tukivuta hewa ya kawaida, kila mililita 100 za damu zina mililita 0.3 tu za oksijeni iliyoyeyuka, nyingine yote imeshikwa na himoglobini ya chembe nyekundu. Mtu akivuta oksijeni tupu kwenye presha ya angahewa 3, iliyoyeyuka hufika karibu mililita 6, na hiyo inatosha mwili uliotulia. Boerema na wenzake wa Amsterdam walichapisha mwaka 1960 majaribio ya nguruwe waliotolewa karibu chembe nyekundu zote, nao wakaendelea kuishi ndani ya chemba. Mzamiaji anahitaji kazi zote mbili. Kidonda kinahitaji ya pili tu.

Sasa kituoni. Mlaze chali, pasipo kumwinamisha kichwa chini. Ule ushauri wa zamani wa kuinua miguu uachwe, unaongeza uvimbe wa ubongo. Mpe oksijeni lita 15 kwa dakika kwa barakoa yenye mfuko. Jaza mfuko kwanza ukiziba vali kwa kidole, ndipo umvalishe. Akivuta pumzi mfuko usilale kabisa. Ukilala, mtiririko hautoshi au barakoa inavuja pembeni ya pua.

Kosa ninaloliona likirudiwa ni mhudumu kuangalia oksimita, kuona 99, kisha kufunga mtungi ili "kuokoa gesi". Kwa mzamiaji hatumpi oksijeni ili kujaza himoglobini, ambayo hata bila barakoa huenda imejaa. Tunampa ili mapafu yasiwe na nitrojeni kabisa, ile iliyo mwilini ipate mwanya wa kutoka. Oksimita haipimi nitrojeni. Andika kwa herufi kubwa kwenye ukurasa wako: OKSIJENI ISIPUNGUZWE KWA SABABU YA OKSIMITA. Hata dalili zikiisha njiani, iendelee mpaka daktari wa chemba aseme basi, kwa maana mara nyingi zinarudi.

Maji: kama yuko macho na anameza vizuri, anywe. Vinginevyo weka dripu ya normal saline au Ringer. Usimpe dextrose isipokuwa sukari imeshuka kweli, kwani sukari nyingi huumiza mishipa ya fahamu iliyokwisha kujeruhiwa. Papasa kibofu. Aliyepooza kiuno kwenda chini mara nyingi hawezi kukojoa wala hasikii kuwa kibofu kimejaa, naye anaweza kusafirishwa kwa muda wa saa nane akiwa na lita nzima ya mkojo. Weka katheta (mrija wa mkojo), na puto lake lijazwe maji, si hewa, kwa sababu hewa itabanwa chembani na katheta kuchomoka. Mrija wa koo wenye puto ufuate kanuni hiyohiyo. Dripu ziwe za mfuko laini. Chupa ya kioo yenye hewa ndani inaweza kupasuka presha inaposhushwa.

Kama kuna upasuaji njiani kwa sababu nyingine, gesi ya usingizi ya nitrous oxide isitumike kabisa. Inaingia kwenye mapovu na kuyakuza.

Kabla ya chemba, sikiliza kifua pande zote mbili na piga picha kama ipo. Mzamiaji aliyepanda akiwa amezuia pumzi anaweza kuwa amechanika pafu, hewa ikavuja ndani ya kifua. Huyo haingii chembani mpaka awekewe mrija wa kifuani, kwa sababu presha ikishuka hewa hiyo itatanuka na kumuua.

Ndugu wakiuliza atafanyiwa nini huko, waeleze hivi: jedwali linalotumika zaidi ni lile la Jeshi la Majini la Marekani, namba 6. Anashushwa mpaka presha sawa na kina cha mita 18, anavuta oksijeni kwa vipindi vya dakika 20 na kupumzika kwa hewa dakika 5, mara tatu. Anapandishwa polepole kwa dakika 30 hadi mita 9, anakaa hapo saa mbili na nusu, kisha dakika 30 nyingine za kutoka. Jumla ni saa 4 na dakika 45, na inaweza kurudiwa kesho yake.

Kuchelewa ni kubaya, lakini kuchelewa si sababu ya kuacha. Hata aliyefika siku ya pili au ya tatu apigiwe simu chemba, asirudishwe nyumbani na Panadol.

FundiOksijeni

Naongezea hesabu, maana hapo ndipo safari nyingi hukwama.

Lita 15 kwa dakika ni lita 900 kwa saa. Mtungi wa lita 40 uliojaa presha ya bar 150 una takribani lita 6,000, lakini usihesabu 10 za mwisho za geji: 40 × 140 = 5,600. Gawanya kwa 900, unapata saa 6 na dakika chache. Ule mdogo wa lita 10 ni 1,400, yaani saa moja na nusu. Mtwara mpaka Dar ni zaidi ya kilomita 550. Tuseme saa 9 pamoja na vizuizi na kujaza mafuta, hiyo ni lita 8,100. Kwa hiyo mtungi mmoja mkubwa hautamfikisha. Inatakiwa miwili, na mdogo uwe wa akiba ya kubadilishia. Kutoka Kilwa Masoko ni pafupi zaidi, lakini bado nisingemruhusu dereva aondoke na mmoja.

Geji isomwe kabla ya kuondoka. Mtungi "uliojazwa wiki iliyopita" ambao vali yake inavuja kidogo unaweza kuwa na 60 badala ya 150. Paka povu la sabuni kwenye maungio uone kama linavimba. Tembea na spana ya mtungi na washa (pete ya kuzibia) ya akiba ya regyuleta, kile kifaa cha kupunguza presha kwenye mtungi. Washa iliyochakaa ndiyo husababisha ule mlio wa "sss" ambao watu huuzoea mpaka gesi inaisha.

Usipake grisi, mafuta ya nazi, wala mafuta yoyote kwenye vali au regyuleta, na mtu mwenye mikono ya petroli au mafuta ya samaki anawe kwanza. Oksijeni yenye presha ikikutana na mafuta inaweza kuwaka bila kiberiti. Fungua vali taratibu, uso ukiwa pembeni. Kile kichupa cha maji cha kutia oksijeni unyevu kiondoe unapotumia lita 15, kinabana mtiririko na kuvuja.

Konsentreta ya lita 5 haifai kwa mzamiaji. Inatoa karibu asilimia 93, ndiyo, lakini kwa lita 5 mgonjwa huchanganya na hewa ya chumbani, na anachovuta hasa kwa mrija wa puani ni kama asilimia 40. Usiifunge kwenye barakoa ya mfuko, mfuko utalala na atahisi kukabwa. Itunze kwa watoto wa nimonia.

Mtungi wa fundi wa kuchomelea usiazimwe. Mtungi wa mgonjwa unasafishwa na kufuatiliwa kwa utaratibu wake, ule wa gereji haufuatiliwi hivyo. Wala usiamini rangi, soma maandishi ya bega la mtungi.

Mzamiaji_Mikindani

Habari wakuu. Yangu ni yale yanayotakiwa kuulizwa kabla waliomleta hawajaondoka, kwa sababu wakishaondoka huwapati.

Alishuka kina gani? Wavuvi watakujibu kwa pima. Pima moja ni kama mita 1.8, kwa hiyo pima 10 ni mita 18. Alishuka mara ngapi siku hiyo, na kila mara alikaa muda gani? Alipanda taratibu au alikurupuka? Saa ngapi alitoka majini, na saa ngapi dalili ilianza? Kwa walio wengi dalili huanza ndani ya saa chache za kwanza, na karibu wote ndani ya saa 24. Ganzi iliyoanza siku ya nne uitafutie sababu nyingine. Alikuwa na mtungi, kompresa, au alizama kwa pumzi yake tu? Wa pumzi yake anaweza kuumia pia akirudia vina virefu bila kupumzika, ila ni nadra.

Watu watasita kujibu kwa sababu kuvua kwa mtungi au kompresa hairuhusiwi. Mwambie mbele ya wenzake kwamba unaandika kwa ajili ya daktari, si kwa ajili ya afisa uvuvi. Ukipewa kina cha uongo, daktari wa chemba anapanga tiba kwa uongo huo.

Kompresa ina jambo la pili. Inakaa ndani ya boti pamoja na injini yake ya petroli, na upepo ukigeuka moshi wa ekzosi unaingia kwenye bomba la kuvutia hewa. Mzamiaji anavuta kaboni monoksidi chini ya maji, na presha ya kina inaizidisha makali. Akitoka na kichwa kinachogonga, kutapika na kuchanganyikiwa lakini viungo havina ganzi, fikiria sumu ya moshi. Oksijeni ni ileile lita 15, ila mwambie daktari.

Asirudishwe majini. Wapo wanaoamini ukishuka tena pima chache maumivu yanaisha, na kweli yanaweza kupungua kwa muda, kwa sababu mapovu yamebanwa. Lakini anavuta hewa ileile na kuongeza nitrojeni, akitoka anakuwa na mzigo mkubwa kuliko wa kwanza. Akipooza mikono huko chini, atazama. Na wakisema amekumbwa na shetani wa baharini, usibishane nao. Waombe dua isomwe huku barakoa ikiwa usoni.

Asipandishwe juu. Hili huku kwetu linasahaulika: mtu wa Newala au Tandahimba akiumia Msimbati, ndugu wanataka kumpeleka nyumbani. Makonde ni uwanda wa mamia ya mita kutoka usawa wa bahari, na kila unavyopanda presha inapungua na mapovu yanatanuka. Abaki pwani. Ndege ya abiria ya kawaida ndiyo mbaya zaidi, maana ndani yake presha ni kama ya mlima wa mita 1,800 hadi 2,400. Akilazimika kuruka, iwe ndege inayoweza kushikilia presha ya usawa wa bahari, au iruke chini ya mita 300.

Kabla gari halijawashwa, daktari azungumze kwa simu na chemba. Chemba inaweza kuwa kwenye matengenezo, kukosa mhudumu au kukosa gesi, na mgonjwa akafika mlango umefungwa. Divers Alert Network, shirika la usalama wa wazamiaji, wana laini ya dharura ya saa 24 ambayo daktari yeyote anaweza kupiga kuuliza ushauri na kujua ni chemba ipi inafanya kazi wakati huo. Namba zao zipo kwenye tovuti yao. Zibandike ukutani sasa, msizitafute usiku.

Muuguzi_Vidonda

Tabibu, nichukue miguu ya kisukari, na nitasema bila kuficha: wengi wanaotajiwa chemba huku kusini wanahitaji kwanza kisu, plasta ya kupumzisha mguu na sukari iliyoshuka. Chemba ni nyongeza juu ya hayo, haisimami peke yake.

Anza kwa kugusa mapigo, juu ya unyayo na nyuma ya kifundo cha ndani. Hayapatikani? Pima presha ya kifundo kwa dopla (kifaa cha kusikilizia mtiririko wa damu), ugawe kwa presha ya mkono. Chini ya 0.9 mshipa una shida. Juu ya 1.3 usifurahi, kwa mwenye kisukari ina maana ukuta wa mshipa umekauka na kipimo kinadanganya. Mshipa mkubwa ukiwa umeziba, damu yenye oksijeni nyingi haifiki kidondani hata umweke chembani mwaka mzima. Huyo anahitaji daktari wa mishipa kwanza.

Kisha chomeka kijiti safi cha chuma ndani ya kidonda taratibu. Kikigota kitu kigumu kama jiwe, hesabu mfupa umeingiwa na maambukizi hadi picha ithibitishe vinginevyo.

Ukibonyeza ngozi pembeni ikachakarika kama karatasi, kuna gesi chini yake. Hapo habari ya Dar na chemba ikome. Huyo anakatwa nyama iliyokufa leo, kwenye hospitali yenye chumba cha upasuaji iliyo karibu, iwe Sokoine, Nyangao, Ndanda au Ligula, na antibiotiki za mshipa zinaanza kabla ya gari kuwasha injini. Ni kweli gangrini ya gesi ni moja ya magonjwa ya chemba, lakini inakuja baada ya kisu na antibiotiki.

Kinachostahili kujadiliwa kwa chemba ni kidonda cha daraja la 3 la Wagner (vipimo vya ukali wa kidonda cha mguu wa kisukari) na kuendelea, yaani chenye jipu la ndani, mfupa ulioambukizwa, au kidole kilichokufa, ambacho kimetunzwa ipasavyo siku 30 bila kuonyesha kupona. Nasisitiza "ipasavyo". Nyama iliyokufa imekatwa mpaka ile inayotoka damu. Sukari inafuatiliwa. Na mguu umepumzishwa kweli. Mgonjwa anayekuja kubadilisha bandeji kila siku mbili akiwa na kandambili, akatembea kilomita mbili kurudi shambani kwenye mikorosho, hajatunzwa siku 30. Kidonda chake kimekanyagwa siku 30. Katambuga za tairi ni ngumu zaidi, zinasugua. Kama mapigo yapo na hakuna usaha, funga POP (plasta ngumu) inayofuata umbo la mguu, ibadilishwe kila wiki moja au mbili. Usiifunge kwenye mguu usio na damu wala wenye maambukizi makali.

Kwenye vituo vyenye kifaa cha kupima oksijeni kupitia ngozi, kando ya kidonda ikisoma chini ya 40 mmHg kidonda kina njaa ya oksijeni. Mgonjwa akiwekwa chembani ikapanda kupita 200, kuna matumaini. Isipopanda, wamwambie mapema asitumie fedha za familia bure.

Na fedha ziko hapa: si kikao kimoja. Ni presha ya angahewa 2 hadi 2.5, dakika 90 kila kikao, siku tano kwa wiki, vikao 30 au zaidi. Hizo ni wiki sita za kukaa mjini, chumba, chakula, nauli ya kila siku, mtu wa kumsaidia, na mahali pa baridi pa kuweka insulini. Bima iulizwe kwa maandishi kabla ya safari. Mapitio ya tafiti yameonyesha vidonda vingi zaidi hufunga kwenye wiki sita, lakini faida hiyo haikuonekana wazi baada ya mwaka, wala haijathibitika kuwa inapunguza kukatwa mguu juu ya kifundo. Familia iambiwe hivyo hivyo, kabla haijauza korosho za msimu.

Wakiamua kwenda, waandae. Masikio yaangaliwe, mwenye mafua makali asubiri, kwa kuwa asiposawazisha ngoma ya sikio itaumia. Mfundishe kumeza mate, na kuziba pua na kupuliza taratibu, tangu presha inapoanza kupanda, asingoje maumivu. Aliyewahi kutibiwa saratani kwa bleomycin au doxorubicin, mwenye kifafa, mwenye homa, mwenye ugonjwa sugu wa mapafu: barua ya rufaa itaje hayo mstari wa kwanza. Sukari hushuka ndani ya chemba, kwa hiyo ale kabla, na vituo vingi havimwingizi aliye chini ya 6 au 7 mmol/L. Macho yanaweza kuwa mazito kuona mbali baada ya vikao vingi. Hurudi baada ya wiki kadhaa au miezi, asikimbilie kununua miwani.

Tabibu_Kilwa

Ahsanteni sana. Dada Muuguzi, hilo la siku 30 za kweli naliweka juu kabisa. Bado mkaa na mfuko wa plastiki.

DaktariWaPresha

Mkaa: oksimita ya kawaida haitofautishi himoglobini iliyobeba oksijeni na iliyobeba kaboni monoksidi. Zote inazisoma kama nzuri. Aliyelewa moshi mpaka kuzimia anaweza kuonyesha 98. Kwa hiyo tibu historia: jiko ndani, mlango umefungwa, zaidi ya mmoja anaumwa kichwa na ana kichefuchefu. Malaria haiwapati watu wanne wa chumba kimoja asubuhi moja.

Kwenye hewa ya kawaida nusu ya sumu hutoka kwa saa 4 hadi 5. Kwenye oksijeni tupu kwa barakoa, kama dakika 80 au 90. Chembani kwenye angahewa 3, kama dakika 23. Ona tofauti kubwa iko wapi: iko kati ya hewa na barakoa, ambayo mnayo. Mpe lita 15, muda usipungue saa 6, asitembetembee.

Wa kuulizia chemba ni aliyezimia hata kwa dakika chache, mwenye dalili za ubongo, mwenye maumivu ya kifua au ECG (kipimo cha umeme wa moyo) iliyobadilika, na mjamzito. Mjamzito msimchukulie kwa kigezo cha mama pekee. Mtoto tumboni hushika sumu zaidi na huitoa polepole zaidi, kwa hiyo oksijeni yake iwe ndefu sana hata mama akisema amepona. Faida ya chemba inaaminika zaidi ndani ya saa 6 na hupungua kuelekea saa 24, hivyo kwa umbali wa kwenu oksijeni ya barakoa ndiyo tiba kuu. Wote warudi baada ya wiki mbili na baada ya mwezi. Usahaulifu, kubadilika tabia au kutembea vibaya kunaweza kujitokeza siku ya 2 hadi ya 40, na ndugu hudhani ni uzee au kurogwa.

FundiOksijeni

Mfuko wa plastiki hufika presha ya angahewa 1.3 hivi, na hujazwa hewa ya kawaida. Hesabu: asilimia 21 mara 1.3 ni kama 27. Barakoa yako ya lita 15 inampa oksijeni nyingi kuliko mfuko huo. Haubani mapovu vya kutosha, na kuuingizia oksijeni ya konsentreta ili "uwe na nguvu" ni kutengeneza tanuri. Mwaka 1997 moto ulizuka ndani ya chemba ya hospitali mjini Milan, Italia, ukaua watu 11, na hiyo ilikuwa chemba ya chuma yenye wahudumu.

Kwa sababu hiyo anayekwenda chembani asipakwe Vaselini, mafuta ya nazi, ya nywele wala manukato siku hiyo. Bandeji yenye mafuta ya parafini ibadilishwe kwanza. Simu, kiberiti, redio, pawabanki na kifaa cha kusikia vibaki nje. Nguo ziwe pamba tupu. Khanga na vitenge vingi siku hizi vimechanganywa poliesta, kwa hiyo akubali kuvaa nguo za kituo hata kama hazimpendezi. Akina mama waambiwe mapema ili wajue watasitirika.

Tabibu_Kilwa

Moja la mwisho. Mzamiaji akiumia upande wa Songosongo, boti ndiyo gari la kwanza. Ule mtungi wa lita 40 haubebeki.

Mzamiaji_Mikindani

Usiubebe, ukianguka kwenye mawimbi ya kusi utavunja mguu wa mtu au vali. Peleka ule wa lita 10, ulazwe juu ya godoro au magunia, ufungwe kamba mahali pawili, mbali na tangi la petroli na upande ambao upepo hauleti moshi wa injini. Mgonjwa chali, kichwa kuelekea tezi, nyuma ya boti, ambako kurukaruka ni kidogo. Asivute mtu sigara. Una saa moja na nusu ya gesi, basi gari lenye mitungi miwili mikubwa likutane na boti Somanga, injini ikiwa tayari, wala lisianze safari baada ya kupigiwa simu kwamba boti imefika.

Kama kituo kinaweza kupata barakoa ya valvu inayofunguka mgonjwa anapovuta tu, zile za wazamiaji, inunuliwe moja. Inatoa karibu oksijeni tupu, na mtu mzima aliyetulia hutumia kama lita 8 hadi 10 kwa dakika badala ya 15, kwa hiyo mtungi huohuo wa lita 10 unaweza kukaribia saa mbili na nusu. Sharti awe macho na anapumua mwenyewe. Aliyezimia rudi kwenye mfuko wa Ambu (wa kumpulizia pumzi kwa mkono) na mtungi.